Stendi ya mbao kwa tangi la samaki la lita 540: 2x4 inatosha? Nguzo ya katikati ni lazima?

Kioo_Pana

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa wanaojua useremala na wanaofuga samaki pia.

Tangi lina urefu wa sm 150, upana sm 60, kimo sm 60. Kioo ni cha mm 12 pande zote na kitakoni. Halina fremu ya plastiki, kitako ni kioo kitupu. Ni tangi la maji yasiyo na chumvi. Sakafu ni zege iliyokaa juu ya ardhi.

Nataka stendi ya mbao yenye kimo cha sm 75, na ndani yake ikae sampu (lile tangi dogo la chini la kuchujia maji) ya sm 90 kwa 40 kwa 40. Ninachoomba kujua:

1. Mbao za 2x4 (inchi 2 kwa 4) zinatosha au niende kwenye 2x6?
2. Nguzo ya katikati upande wa mbele ni lazima? Ningependa mbele pawe wazi ili sampu iingie na kutoka.
3. Juu niweke plaiwudi ya unene gani, na sponji inahitajika?
4. Viungo nichonge ulimi na tundu, au skrubu na gundi zinatosha?

FundiRanda

Mkuu, tuanze na uzito, maana wengi huchukua lita 540, wanahesabu kilo 540, wanaishia hapo.

Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila milimita ya unene katika mita moja ya mraba. Cha mm 12 basi ni kilo 30 kwa mita ya mraba. Tangi lako lina kioo cha mita za mraba 3.4 hivi, kwa hiyo likiwa tupu lina kilo zipatazo 100. Mchanga wa kina cha sm 5 ni kama lita 45, sawa na kilo 70. Weka mawe kilo 40. Maji hayafiki 540, kwa sababu kioo chenyewe kinakula nafasi, hujazi mpaka ukingoni, na mchanga na mawe yanasukuma maji. Utabaki na lita 420 hivi. Jumla ni kilo 630. Ongeza kifuniko, taa, na mtu atakayeegemea wakati wa kusafisha. Piga hesabu ya stendi kwa kilo 700, bila sampu.

Sasa, kilo 700 kwa nguzo za mbao si mzigo wa kutisha. 2x4 iliyopigwa randa mara nyingi hubaki mm 38 kwa 89. Ukiwa na nguzo sita, kila moja inabeba kwa wastani kilo 120 hivi, na mbao laini kama paini ikisimama wima inahimili mara nyingi zaidi ya hapo. Stendi haivunjiki kwa nguzo kupondeka. Inaharibika kwa njia tatu: boriti ya juu kupinda katikati, stendi nzima kuyumba kwenda upande mpaka ilale kama karatasi ya boksi, na uso wa juu kujipinda ili kona moja ibaki juu. Hiyo ya tatu ndiyo inayopasua vioo.

Kuhusu boriti ya mbele bila nguzo ya katikati: umbali kati ya nguzo za kona ni sm 132. Boriti moja ya 2x4 iliyosimamishwa kwa ubavu, ikibeba nusu ya kilo 700, inapinda kama mm 4.5. Na hiyo ni siku ya kwanza. Mbao inayobebeshwa mzigo bila kupumzishwa huendelea kupinda polepole, na mwishowe hufikia mara moja na nusu hadi mara mbili ya pale ilipoanzia. Kioo hakivumilii hilo. 2x6 (mm 38 kwa 140) inapinda zaidi kidogo ya mm 1. Mbili zilizogandishwa pamoja, mm 0.6. 2x8 moja, nusu milimita.

Sababu ni kwamba ugumu wa boriti hukua kwa mchemraba wa kimo chake. Ndiyo maana 2x4 iliyolazwa ni dhaifu mara tano na zaidi kuliko ileile iliyosimamishwa. Ukiona stendi ina boriti za juu zilizolazwa, usiweke tangi kubwa hapo.

Weka nguzo ya katikati mbele na nyuma, na ileile 2x4 inapinda chini ya nusu milimita. Mbao hiyohiyo, ila umbali umepungua. Mimi ningeweka nguzo. Sampu yako itaingia kwa ubavuni.

Kanuni ya ujenzi ni moja: uzito ushuke kutoka mbao hadi mbao mpaka sakafuni. Skrubu ni ya kushikilia vipande visiondoke mahali pake, haitakiwi kubeba. Boriti ikae juu ya kichwa cha nguzo. Ukipachika boriti ubavuni mwa nguzo na kuifunga kwa skrubu, umetundika kilo 700 kwenye vyuma vyembamba.

Vipimo vya kukata, kwa mbao ya 38 kwa 89:

- Boriti ndefu: 4, kila moja mm 1500 (mbili juu, mbili chini)
- Boriti fupi za miishoni: 4, mm 524
- Vipande vya kukatisha katikati: 4, mm 524
- Nguzo: 6, mm 554
- Vibao vya ndani vya kufungia: 6, mm 720

Jumla ni mita 17.8. Nunua mita 21, kwa sababu utakata vifundo na miisho iliyopasuka. Pima mbao yako kwanza. Kama si 38 kwa 89, badilisha hesabu. Nguzo ni kimo chote 750, toa plaiwudi 18, toa boriti mbili za 89.

Fremu ya juu na ya chini ni pacha. Boriti fupi zinaingia kati ya zile ndefu, na vipande vya kukatisha vinakaa sm 50 na sm 100 kutoka mwisho mmoja. Nguzo inasimama juu ya boriti ndefu ya chini, upana wake wa 89 ukifuata urefu wa boriti, ili unene wa 38 ulingane na unene wa boriti. Kibao cha ndani kinalala nyuma ya nguzo na kupita boriti zote mbili, na hicho ndicho kinachofunga kila kitu. Nimekiacha kifupi kwa mm 6 juu na mm 6 chini makusudi: kikichomoza juu hata kidogo, kitainua plaiwudi.

Viungo vya ulimi na tundu ni vizuri kama una mkono wake na muda. Hapa havihitajiki. Gundi ya mbao inayostahimili maji pamoja na skrubu zinatosha, ila ujue gundi haishiki vizuri kwenye mwisho wa mbao uliokatwa, inashika uso kwa uso. Kwa hiyo vibao vya ndani ndivyo vya kupaka gundi vizuri.

Kona90

Mchoro wa FundiRanda ni mzuri, ila una sehemu moja inayokwenda kinyume na kanuni yake. Boriti fupi za miishoni hazina kitu chini yake. Ziko kati ya boriti ndefu, zimeshikwa na skrubu tu, na ukingo wa tangi wa sm 60 unazikalia moja kwa moja. Pasua vipande vinne vya mm 38 kwa 38, urefu mm 554 kama nguzo, uvisimamishe chini ya miisho ya boriti fupi, vikigusana na nguzo za kona na kugandishwa nazo kwa gundi. Haviongezi unene wowote kwa ndani kwa sababu viko kwenye mstari uleule wa vibao vya kufungia. Uwazi wa ubavuni unabaki mm 448.

Vile vya kukatisha katikati viache kwenye skrubu, tatu kila upande, na chuma cha kona kwa chini. Kazi yake ni kuzuia boriti ndefu zisigeuke na kuishikilia plaiwudi isizame.

Nije kwenye kuyumba. Stendi ya aina hii bila ukuta wa nyuma ukiisukuma kwa mkono kutoka ubavuni itacheza, hata kama kila skrubu imekazwa. Fremu ya pembe nne haina ubishi na msukumo wa upande. Pembe zake hufunguka na kufunga. Ukigonga plaiwudi ya mm 9 nyuma nzima, skrubu kila sm 15 kuzunguka na kwenye nguzo ya katikati, inakuwa ukuta mmoja. Mashimo ya mabomba toboa ya duara, usikate dirisha kubwa. Ukihitaji dirisha, liwe dogo, na liache angalau sm 15 kila upande.

Miishoni nako kunahitaji kizuizi, la sivyo stendi itayumba mbele na nyuma, na huo ndio upande mwembamba wenye hatari zaidi. Mwisho mmoja funga plaiwudi ya mm 9 moja kwa moja kwa gundi na skrubu. Mwisho wa pili, ambako sampu itapita, funga plaiwudi kwa skrubu tu bila gundi, kumi na mbili hivi. Siku ya kutoa sampu unafungua. Ila usiifungue plaiwudi hiyo wakati tangi la juu limejaa. Punguza maji kwanza.

Kimo cha uwazi ni mm 554. Ukiweka plaiwudi ya mm 12 kama sakafu ya ndani unabaki na 542. Sampu ya sm 40 inaingia, na juu yake unabaki na sm 14 za kupitisha mkono na kubadilisha sponji za kuchujia. Ni finyu lakini kunafanyika kazi. Kama unataka raha zaidi, ongeza kimo cha stendi, usipunguze boriti.

Kioo_Pana

Asanteni sana. Kumbe nguzo ya katikati haizuii kitu. Mbao nilizopata zimepasuliwa hivi karibuni na bado zina unyevu mkononi. Niendelee au nisubiri? Na skrubu za ukubwa gani?

FundiRanda

Subiri. Mbao mbichi ni chanzo cha stendi nyingi kupotoka baada ya kukamilika, na mtu analaumu mchoro.

Mbao inapokauka haisinyai sawa pande zote. Kwa urefu haipungui karibu chochote, kwa upana inapungua. Boriti ya 89 iliyojengwa mbichi inaweza kupoteza mm 3 za kimo. Kama boriti zote zimekaa juu ya nguzo kwa namna moja, zitashuka pamoja na uso utabaki sawa. Lakini fundi akipeleka nguzo za kona hadi juu kabisa na kuweka boriti katikati yake, nguzo hazisinyai kwa urefu, boriti zinashuka, na tangi linabaki limekalia kona nne. Ndiyo maana katika mchoro huu hakuna nguzo inayofika juu.

Panga mbao kivulini juu ya vijiti, hewa ipite kila upande, vijiti vikae mstari mmoja wima, na juu uweke uzito. Kama huna kipimo cha unyevu, chukua kipande kimoja, kipime kwenye mizani kila baada ya siku chache. Uzito ukiacha kupungua, mbao imefikia unyevu wa chumba chako. Usizikaushe juani, uso unakauka haraka kuliko kiini na mbao inapasuka miishoni.

Wakati wa kuchagua, shika mbao kama unalenga shabaha, tazama ukingo wake kutoka mwisho mmoja. Iliyojikunja kidogo kwa upande mmoja inafaa kwa vipande vifupi. Iliyojisokota, yaani kona moja ya mwisho imeinuka ukiilaza mezani, iache kabisa, hakuna skrubu itakayoinyoosha. Kifundo kikubwa kisikae kwenye ukingo wa chini wa boriti katikati ya umbali. Nyuzi za chini ndizo zinazovutwa na hapo ndipo itapasukia.

Skrubu: boriti ndefu kwenda kwenye zile fupi, 5 kwa 90 (unene mm 5, urefu mm 90), mbili kila kiungo (tatu kwenye vya kukatisha kama alivyosema Kona90). Vibao vya ndani, 5 kwa 70, maana mbao mbili ni 76 na skrubu ya 80 ingetokeza upande wa pili. Weka mbili kwenye boriti ya juu, tatu kwenye nguzo, mbili kwenye boriti ya chini: ni 42 kwa vibao sita. Plaiwudi ya juu, 4 kwa 40.

Toboa kwanza. Tundu la mm 3 kwenye kipande cha pili, na la mm 5.5 kwenye kipande cha kwanza ili skrubu ipite bila kung'ata. Watu wengi hutoboa tundu moja jembamba kupita vyote viwili, halafu meno ya skrubu yanashika mbao zote mbili na kuacha mwanya wa milimita moja katikati ambao haufungi hata ukaze vipi. Mwanya huo ukiwa kati ya boriti na kichwa cha nguzo, basi nguzo haibebi, skrubu ndizo zinabeba, mpaka siku tangi litakapojaa na kila kitu kishuke kwa mkupuo. Bana kwa klampu kabla ya kukaza. Ukiweza kuingiza wembe kati ya nguzo na boriti, fungua urudie.

Kona90

Niongeze kuhusu kukata nguzo, kwa sababu FundiRanda amelipita. Nguzo sita zikitofautiana hata milimita moja, umeharibu kazi yote. Usipime moja moja kwa tepu. Kata ya kwanza, kisha funga kizuizi kwenye meza ya msumeno na zote zigote hapo. Kama unatumia msumeno wa mkono, kata zote zikiwa ndefu kwa mm 2, zibane pamoja sita kwa klampu zikiwa zimesimama juu ya uso ulionyooka, kisha pitisha randa au msasa kwenye vichwa vyote kwa pamoja.

Fremu ya juu unganisha juu ya sakafu tambarare, uso utakaobeba tangi ukitazama chini. Kwa njia hiyo tofauti za upana wa mbao zinakwenda upande wa ndani. Kabla gundi haijakauka pima mishazari: kona hadi kona iwe mm 1616 kwa zote mbili. Zikitofautiana zaidi ya mm 2, sukuma kona ndefu mpaka zilingane.

Baada ya stendi kusimama, kabla ya plaiwudi, fanya jaribio la nyuzi mbili. Funga uzi kutoka kona hadi kona, na wa pili kwenye kona nyingine mbili, zikatane katikati, zote zikipita juu ya vipande vinne vya plaiwudi vilivyo na unene mmoja. Nyuzi zinatakiwa kugusana kidogo tu. Uzi wa chini ukiwa unausukuma wa juu, au kukiwa na nafasi, ubadilishane nafasi uone upande wa pili: pengo au msukumo huo unakuonyesha kwamba fremu imejisokota. Pimamaji peke yake haikuambii hili. Inaweza kusoma sawa mbele, sawa nyuma, na bado kona ziko kwenye mteremko wa kinyume.

Ikiwa imejisokota kwa milimita moja au mbili, usirande juu bado. Angalia kwanza sakafu. Mara nyingi stendi ni nyoofu ila imekaa kwenye sakafu mbovu. Weka kabari chini ya nguzo mpaka nyuzi zigusane.

MajiTulivu

Upande wa useremala umeshakaa sawa, niseme ya tangi.

Sponji: tangi lako halina fremu ya plastiki, kwa hiyo kioo cha kitako kinakalia uso wote. Weka sponji ngumu yenye vitundu vilivyofungwa, isiyonyonya maji, unene mm 5 hadi 10, eneo lote la 150 kwa 60. Kazi yake ni kumeza vitu vidogo: punje ya mchanga, kichwa cha skrubu kilichochomoza, uvimbe wa rangi. Punje moja chini ya kioo inakusanya mzigo kwenye nukta moja, na kioo hupasukia hapo. Lakini sponji haitibu uso uliopinda. Kama katikati kuna bonde la mm 3, sponji italifuata bonde na kioo kitabaki kinaning'inia. Kwa wenye matangi ya fremu ya plastiki, ambayo kitako chake kimeinuliwa kisiguse meza, wasiweke sponji hata kidogo. Pale sponji inasukuma kioo cha kitako kwenda juu, nguvu ambayo hakikutengenezewa.

Plaiwudi ya juu ni mm 18. Siyo ya kubeba, boriti ndizo zinabeba. Hii inafunga fremu isihame na inatoa uso mmoja. Zamisha vichwa vya skrubu mm 2 chini ya uso, jaza lipu ya mbao, piga msasa. Kisha weka rula ndefu ya chuma kwenye kingo zote nne na mishazari miwili. Mwanga ukipita chini ya rula, penyeza karatasi hapo: ikipita moja ya kawaida si kitu, ikipita kadi ngumu ya mm 1, rekebisha kabla hujaendelea.

Usitumie chipubodi, hata ile yenye ngozi ya plastiki. Maji yakiingia kwenye ukingo, inavimba na hairudi. Ubao wa unga wa mbao uliobanwa nao ni hivyohivyo. Kwa milango ya mbele hakuna neno, haibebi kitu.

Rangi: vanishi ya polyurethane, mikono mitatu, pamoja na ndani na chini. Sehemu zinazosahaulika ni kingo za plaiwudi, mashimo ya mabomba, na chini ya fremu inayogusa sakafu. Maji yakimwagika, huingia kwa chini na kupanda na nyuzi za mbao. Acha vanishi ikauke kabisa mpaka harufu iishe ndipo uweke tangi. Kabatini acha matundu ya hewa juu na chini ya ukuta wa nyuma, maana sampu inatoa mvuke saa zote na kabati lililozibwa huota ukungu.

Kama kuna siku utageukia maji ya chumvi, funga skrubu za chuma kisichoshika kutu tangu sasa. Za kawaida zilizopakwa zinki huliwa na mvuke wa chumvi ukiwa huoni, vichwa vikiwa ndani ya lipu.

Kujaza: weka stendi mahali pake pa mwisho, weka kabari chini ya nguzo (za mbao ngumu au plastiki ngumu, katoni na mpira hubonyea). Kabari zote ziwe chini ya stendi. Usiweke kamwe kabari kati ya tangi na stendi. Jaza robo, kisha pima umbali kutoka usawa wa maji hadi ukingo wa juu wa kioo kwenye kona nne. Maji ni pimamaji bora kuliko yoyote utakayonunua. Tofauti ya mm 2 kutoka mwisho hadi mwisho wa sm 150 ni sawa tu. Kona moja ikitofautiana peke yake na tatu nyingine, simama: kioo kinasokotwa. Toa maji, rekebisha kabari. Kama ni sawa, jaza nusu, acha usiku kucha, pima tena, ndipo umalize. Mchanga na mawe weka katika hiyo robo ya kwanza, ili uone stendi ikipokea mzigo halisi.

Kioo_Pana

Nimeelewa vizuri. La mwisho: nina rafiki anataka kujenga hiihii lakini yuko ghorofani, sakafu ya mbao. Vipimo hivi vitamfaa?

Kona90

Stendi itamfaa, sakafu ndiyo ya kuuliza. Kilo 700 juu ya mita za mraba 0.9 ni karibu kilo 780 kwa mita ya mraba, na akiongeza sampu inapita 900. Sakafu za nyumba za kuishi kwa kawaida husanifiwa kwa kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba, zikiwa zimesambazwa chumba kizima. Hiyo haina maana kwamba itabomoka papo hapo, kwa sababu mzigo wake uko sehemu moja tu, lakini si jambo la kubahatisha. Atafute mhandisi atazame boriti za sakafu zilivyo.

Anachoweza kuangalia mwenyewe ni mwelekeo. Stendi ikae ikikatiza boriti za sakafu, urefu wake wa sm 150 uguse tatu au nne, isilale sambamba juu ya moja. Na ikae karibu na ukuta unaobeba boriti hizo, siyo katikati ya chumba ambako boriti hupinda zaidi. Akiruka chumbani na kuona maji kwenye glasi iliyo mezani yanatikisika, basi sakafu ni laini, na tangi litakuwa likisukwasukwa kila mtu akipita.

MajiTulivu

Na kama nyumba ina watoto, funga stendi ukutani kwa vyuma viwili vya kona nyuma, kwenye boriti ya juu. Funga stendi, siyo tangi. Kimo cha stendi na tangi pamoja ni sm 135 juu ya kitako cha sm 60; likijaa halipinduki kirahisi, ila mtoto akining'inia kwenye mlango wa mbele wakati tangi liko nusu tupu siku ya kusafisha, mambo ni tofauti.

Jambo la umeme pia: soketi zikae ubavuni kwa juu, ndani au nje ya kabati, siyo sakafuni chini ya sampu. Kila waya ushuke chini ya usawa wa soketi kwanza kisha upande, ili maji yanayotiririka kwenye waya yadondoke pale chini yasifike kwenye plagi.

FundiRanda

Kwa milango: bawaba zifungwe kwenye vibao vya 38 vilivyoongezwa mbele ya nguzo, usichimbie bawaba kwenye nguzo zenyewe. Ukipunguza nguzo pale kwenye ukingo, unene hautalingana tena na boriti na utakuwa umetoboa kipande kinachobeba. Milango miwili ya sm 74, kila mmoja ukifunguka kutoka kona, inakutana kwenye nguzo ya katikati, na mm 5 za nafasi juu na chini zinatosha mbao icheze na msimu wa unyevu bila kukwama.